Mlango Nilioupiga Teke

Naikumbuka siku moja, mwanangu Mwanasha, ambayo laiti ningeijua dawa ya kuisahau ningeifuata hata kwa miguu. Sijamsimulia mtu. Mke wangu hajui, na mama yako, dada yangu wa tumbo moja, hajui. Nakwambia wewe kwa sababu jana ulikuja hapa Gazi na kilo zako mbili za sukari, ukanipa shikamoo kwa adabu zako zote, ukaniambia umepangwa katika kikosi cha jeshi kinachokwenda nchi ya watu, na kwamba huondoki mpaka mjomba wako akuombee dua. Nikakugeuzia mgongo. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, binti yangu. Nilishtuka.

Kilichonishtua si safari, ni neno lako. Ulisema huku unacheka, "Mjomba, tunakwenda kuwakomboa." Lahaula! Neno hilohilo nililisema mimi nikiwa na umri kama wako, buti mpya mguuni, kiherehere kimenijaa mpaka kooni. Na juzi pale kwa muuza kahawa Msambweni niliwakuta vijana wamejazana kwenye simu moja, wanatazama ndege za taifa kubwa zikiupiga mji wa wenyewe, wanashangilia kama wako uwanjani. "Wapige! Wamtoe huyo dikteta wao!" Niliweka kikombe chini nikaondoka, kahawa yenyewe sikuimaliza.

Basi nisikilize, na usinikatize. Hapa kijijini wanajua nilikuwa mwanajeshi, zaidi ya hapo hawajui. Tulipelekwa nchi ambayo sitaitaja, kuzuia watu wasichinjane. Na wallahi walikuwa wakichinjana, usije ukadhani nataka kukwambia tulikwenda bure. Siku tuliyoingia kulikuwa na watu wamejifungia ndani ya shule, wengi wao wanawake na watoto, na wenye mapanga wako nje wanavunja madirisha. Walipotuona zikalia risasi, zao na zetu, kisha wakatawanyika. Niliwaona kwa macho yangu wale watu wakitoka mmoja mmoja, wazima. Bibi mmoja mwenye mtandio wa kijani akaja na ndoo na kikombe cha bati, akatunywesha maji sote, anatupapasa mabega. Mji ule ulikuwa wa biashara, wengi walikijua Kiswahili cha kuvunjavunja. Akaniambia, "Mungu akuweke." Mimi nikavimba kichwa. Nikajiona ndiye mwenye mji.

Siku ya tatu mkubwa wetu akapata habari kwamba kuna nyumba imefichwa silaha. Amri ikatoka: hakuna kubisha hodi, teke moja mlango uwe chini. Sasa wewe na mimi tumelelewa pwani hii. Mtoto wa miaka minne anajua hodi ni mara tatu, na usipojibiwa unarudi zako, hata nyumba ikiwa ya ndugu yako. Watu wa mji ule walikuwa Waislamu kama sisi, na katika kundi letu mimi ndiye peke yangu niliyezijua desturi zao. Ningeweza kusema, "Afande, ngoja nibishe." Maneno matatu tu! Sikuyasema. Niliogopa wenzangu wasije wakaniita mwoga.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nikainua mguu, na unajua nilisema nini? Nilisema "Bismillahi." Astaghfirullahi! Mama yangu, nyanya yako, alinizoeza tangu mdogo kutoingia nyumba bila kulitaja jina la Mungu, na ulimi ukalitaja wenyewe huku buti langu liko kwenye mlango wa mtu. Mlango ukaangukia ndani.

Wanawake watatu walikuwa wanaosha maiti.

Maiti ya binti wa umri wako, Mwanasha. Kuna maji, kuna kafuri, sanda imewekwa pembeni. Na mimi mwanamume nimesimama na bunduki mahali ambapo hata kaka yake asingethubutu kukanyaga. Nilimwona. Zaidi ya hapo sisemi. Nikawa sijui niende mbele au nirudi nyuma. Mwanamke mmoja akajilaza juu ya maiti kumsitiri. Mwingine akapiga yowe ambalo mpaka leo nikilisikia la mtu mwingine msibani natoka nje. Wa tatu alikuwa yule bibi aliyetupa maji.

Yeye hakupiga kelele. Alinitazama, mikono inamchuruzika maji, akauliza, "Umesema Bismillahi?"

"Ndiyo, bibi."

"Juzi nilikupa maji. Ungebisha, ningekufungulia."

Nilirudi kinyumenyume nikamkanyaga mwenzangu. Silaha hazikuwamo. Baadaye tuliambiwa marehemu alikuwa mjukuu wake, alipigwa risasi siku ileile tuliyoingia, akafa alfajiri ya siku hiyo ya tatu. Risasi ilikuwa ya wale au yetu, hakuna ajuaye. Toka siku hiyo milango ya mtaa ule ikawa inafungwa tukipita, na vijana waliokuwa wakituonyesha njia wakawa wanaturushia mawe. Mkubwa wetu akashangaa eti watu hawa hawana shukrani. Hakuna shukrani!

Sasa turudi kwenye swali lako la jana: "Kwani mjomba, ni vibaya kwenda?" Nimeshinda nalo leo kutwa, nang'oa magugu kwenye mihogo huku nasema peke yangu kama mwendawazimu. Siwezi kukwambia ni vibaya. Wale wa shuleni wana wajukuu sasa, inshallah, na bila sisi wasingekuwapo. Lakini siwezi kukwambia ni vizuri pia, maana nilimwona yule binti. Ninaloliamini ni hili. Kuingia nchi ya watu na bunduki kunafaa pale tu watu wanapouawa, wenyewe wanalia waokolewe, na kila njia nyingine imejaribiwa ikashindikana. Kwenda kuwachagulia mtawala, kwenda kwa tamaa ya kilicho chini ya ardhi yao ukasema ni huruma, huo ni uvamizi, na ndege zikiwa nzuri kiasi gani jina halibadiliki. Na hata mkiingia kwa haki, haki hiyo mnaweza kuipoteza siku ya tatu kama tulivyoipoteza sisi. Wakubwa wenu wakishindwa kusema mtaondoka lini, ujue mmeshaanza kujiona wenyeji.

Wewe ni mwanamke. Vyumbani kwa wanawake watakutanguliza wewe. Hapo amri itakuwa ya mkubwa wako, lakini mguu utakuwa wako. Kwa hiyo sema, mwanangu. Sema, "Afande, niacheni nibishe kwanza." Wakucheke, wakuite mwoga, wakuandikie adhabu. Adhabu ya jeshi ina siku zake inakwisha. Hii yangu nimezeeka nayo.

Na ukirudi na jambo usiloweza kumwambia mama yako, njoo kwangu moja kwa moja, hata kabla hujavua buti. Mimi sikuwa na wa kumwendea.

Haya, piga magoti nikuwekee mkono kichwani. Dua ya mjomba sikunyimi, mtoto wa dada yangu ni wangu. Mungu akutangulie uendako. Akulinde wewe na wenye nyumba. Na wenye nyumba, Mwanasha, awalinde na buti lako. Amin.