Sweta Iliyoliliwa kwa Kiingereza

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni dobi, na huwa anazipa nguo pole. Sitanii. Ukikaa dukani kwake baada ya shule utamsikia akiliambia shati lililong'oka kifungo, "Pole, bwana," kisha analipitishia pasi taratibu kama anamkanda mgonjwa mgongo. Miaka kumi na tisa hajaharibu nguo ya mtu, na hilo atakwambia hata usipomuuliza.

Hadi wiki iliyopita. Sweta ya sufu ya mama mhandisi, yule mgeni anayejenga daraja, iliingia kwenye maji ya moto pamoja na mashuka. Ilipotoka ingemtosha mtoto wa miezi sita. Mbaya zaidi, ilifumwa na mama yake mzazi.

Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimekwisha. Yule mama hataniletea hata soksi tena."

"Mwombe tu msamaha, mjomba."

"Kwa Kiingereza? Changu kinaishia kwenye 'good morning'. Wewe ndiye unayesoma, lete hilo likamusi lako."

Nililileta mbio, maana sikujua bado kwamba Waingereza wana namna nyingi hivyo za kuhuzunika. Nikaanza na "sad".

"Herufi ngapi hiyo?"

"Tatu."

"Tatu! Sweta ya mama yake mtu! Hiyo ni huzuni ya kuishiwa chumvi. Tafuta yenye uzito."

"Unhappy" akaikataa, eti ya mtu aliyenuna. "Heartbroken" nikamweleza kuwa ni kuvunjika moyo. Fundi viatu wa jirani, ambaye mikono iko kazini kwake lakini masikio yako kwetu, akadakia: "Hiyo ya wapenzi! Shemeji asije akaiona!"

Tukafika kwenye "grief". Kamusi ilisema ni majonzi makubwa. Mjomba akaniomba nilitamke mara mbili, akafumba macho. "Hilo hilo. Na ulitie kina."

"Sasa niseme sweta imefanya nini?"

"Mtoto huyu! Habari mbaya unamwambia mtu kwenye simu? Mwite, aje, akae, anywe maji, ndipo aambiwe."

Basi nikaandika kwenye simu yake kwamba tuko katika "deep grief", tafadhali njoo.

Saa kumi mama mhandisi akaja amevaa nguo nyeusi, ameshika shada kubwa la maua, nyuma yake vijana watatu wa daraja wamevua kofia. Akamkumbatia mjomba. Fundi viatu naye akavua yake, sijui kwa nini.

"Kumbe ameshajua," mjomba akaninong'oneza. "Nani kamwambia?"

Akamkalisha, akampa maji. Mama akauliza, sauti ya chini kabisa, ni nani aliyefariki.

Nikatafsiri. Mimi na mjomba tukageukia meza ya pasi. Sweta ilikuwa pale, imekunjwa vizuri, mikono kifuani.

Mama akaichukua, akaikunjua. Mjomba akasahau majonzi yote tuliyoyachagua, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kwa mashati: "Pole, mama. Pole sana."

Hilo mama alilijua. Tangu aje huambiwa pole akijikwaa, akipiga chafya, akibeba mzigo. Akacheka hadi maji yakamwagika, na vijana wakavaa kofia zao.

"Asante," akasema. Kisha akaniuliza nani aliandika ule ujumbe. Nikakiri. Akanieleza kwamba "grief" ni ya msiba. Kwa sweta, "sorry" inatosha, na yeye mwenyewe anasikia "sad" kidogo tu.

"Amesemaje?" mjomba akauliza.

"Ana ile ya herufi tatu."

"Ya chumvi?"

"Hiyo hiyo."

Maua yakaingia kwenye ndoo. Lakini mjomba hakutulia hadi kesho yake, kijana mmoja wa daraja alipoleta fuko la nguo za mama mhandisi. Juu kabisa kulikuwa na soksi za sufu. Mjomba akazishika kama mayai.

"Maji baridi," akaziambia. "Msiogope."