Cheche Amjengea Baba Yake Mtambo wa Bia

Binti wa kaka yangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Cheche. Hasira amerithi kwa baba yake, uzuri kwangu. Ukimwita choo kimeziba anakuja, lakini atakugombeza kwanza kwa ulichotupa humo, halafu ndiyo afungue mkoba. Wenye nyumba wanamwogopa. Maji yanamwogopa zaidi.

Siku hiyo alikuwa amevimba kwa hasira tangu asubuhi, na aliyemvimbisha alikuwa amekaa uani na mto mgongoni: baba yake, mpishi wa bia mstaafu. Alipotoka kiwandani, kaka aliendelea kupika nyumbani, kwa kimea cha kweli cha shayiri, si ile ya kukoroga unga wa kopo. Mpaka alipoinua sufuria lililojaa maji ya moto, na mgongo ukalia kaa! Daktari akamwambia akiinua tena kitu kizito atalala na hataamka kitandani. Kaka akamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha akarudi nyumbani, akawa analitazama lile sufuria kila siku kama bondia anayesubiri kengele. Tulijua ataliinua tu. Ndiyo maana Cheche akaamua kumjengea mtambo usio na cha kuinua.

Nitawaeleza taratibu, nyie msiojua kitu. Juu ya kichanja cha vyuma kuna pipa la maji ya moto, linalojazwa kwa mpira. Chini yake boksi la barafu, lile la plastiki nene. Linatunza baridi na joto vilevile, kwa hiyo kimea kinalowekwa humo. Ndani, kwenye sakafu yake, kuna bomba la shaba lililokatwa mipasuo kwa msumeno, maji matamu yapite, makapi yabaki. Chini kabisa pipa la kuchemshia, juu ya jiko la gesi. Kila kimoja kina koki. Maji yanashuka yenyewe. Mwenye mgongo mbovu anazungusha koki tu, kama bwana mkubwa. Wazo lilikuwa langu, ingawa Cheche anabisha.

"Hiki ni kiwanda au bafu la wageni?" kaka akauliza kutoka kitini.

"Baba, nyamaza nifanye kazi."

"Nimenyamaza. Nauliza tu taulo ziko wapi."

Cheche akaigonga nati mpaka paka akakimbia. "Ba'mdogo, mwambie ndugu yako nitamwacha hapa na sufuria lake!"

"Mwambie mwenyewe, mimi nimekuja kunywa."

"Kunywa unajua. Shika ngazi!"

Nikashika ngazi.

Mtambo ulipokamilika, kaka alimimina kimea bakuli kwa bakuli, chote kilichokuwamo ndani ya nyumba. Cheche akafungua koki ya juu. Maji ya moto yakashuka, harufu kama ya mkate ikajaa uani. Kaka akafumba macho.

Halafu akafumbua moja. Akainamia boksi, akanusa. Akachota kwa kijiko, akaonja, akatema ukutani.

"Maungio umeyafungaje?"

"Kama fundi anavyofunga. Katani na rangi. Hayavuji hata tone."

"Rangi?"

"Ya mabomba, Baba. Mabomba yote ya mtaa huu..."

"Mtaa huu haupiki bia ndani ya mabomba! Umenitilia rangi kwenye kimea changu!"

Fundi bomba yeyote angefanya vile. Mkono wake haujui kukaza ungio bila kulivisha katani na kulipaka rangi. Kwenye maji baridi haina neno; kwenye ya moto ikalainika, ikashuka nayo. Hata mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimeshaosha glasi.

"Tangu asubuhi umekaa hapo kunikejeli," Cheche akafoka. "Umeniona napaka, hukusema!"

"Nilidhani unapaka kwa nje!"

"Umewahi kumwona nani anapaka kwa nje?"

Kaka akasimama. Akalishika boksi, limejaa, linafuka, akakunja magoti alinyanyue akalimwage. Cheche akalifunika kwa mfuniko, akauegemea kwa uzito wake wote.

"Inua! Inua nikuone! Ukilala, mimi sikuogeshi. Atakuogesha Ba'mdogo."

"Huyu?" Kaka akanitazama kuanzia miguuni.

"Huyu huyu."

Nikakunja mikono ya shati. Naogesha vizuri mimi.

Kaka akaachia boksi. "Basi mwaga wewe! Unangoja nini?"

Cheche hakuinua kitu. Alichomeka mpira kwenye koki ya boksi, akauelekeza mtaroni, akazungusha. Maji matamu yenye rangi yakaenda zake polepole, bila mtu kuinama. Kaka akayasindikiza kwa macho mpaka yakaisha. Akachungulia ndani: makapi yote yamekaa juu ya bomba, hata punje haikupita.

"Mipasuo umeielekeza wapi?" akauliza, bado kwa ukali.

"Chini."

"Mh." Akakaa. "Fungua maungio yote. Yote! Kwangua hiyo takataka mpaka shaba ing'ae. Uzungushie ile tepu nyeupe ya mabomba tu, basi. Kimea nitatafuta kingine."

"Nitafungua nikitaka."

"Utafungua sasa hivi. Na nipe spana, haya ya chini nayafikia nikiwa nimekaa."

Cheche akamrushia moja bila kumtazama, akapanda ngazi. Wakaanza kufungua, mmoja juu, mmoja kitini, wakigombana kwa kila nati. Mimi nikaambiwa nizoe makapi. Mimi!