Siagi ya Babu Simeo: lori lililotangulia kufika Mubi na bado likashindwa

Wakuu, vuteni viti. Ninayoandika leo ni kweli tupu, ingawa ningetamani yawe uongo.

Miaka yote tunayobishana humu kuhusu madereva na magari ya mbio, jambo moja nimelikana kwa nguvu zote: kwamba babu yangu mzaa mama, Babu Simeo, alifikisha siagi Mubi.

Nakiri. Ilikuwa siagi.

Haya, chekeni kwanza. Nawasubiri.

Kwa wageni wa jukwaa: nyinyi mna mahasimu wenu wa kwenye televisheni, wenye kofia za kung'aa na mafundi wanaobadilisha gurudumu kabla hujapiga chafya. Sisi wa Masisi tuna wetu. Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, tajiri mmoja wa Masisi alikuwa na kamio, yaani malori, mbili kuukuu na madereva wawili wasiopendana.

Wa kwanza ni Babu Simeo, mtoto wa wafugaji. Wa pili ni Papa Anselme, mtoto wa wakulima wa maharagwe. Walishindana kwa kila kitu. Hata kanisani walishindana kuimba, na nasikia hapo wote walishindwa.

Siku moja tajiri akatangaza kwamba analeta kamio mpya. Atakayeishika ni yule atakayetangulia kufikisha maziwa kambi ya wachimba madini, kule Mubi.

Lakini kulikuwa na sharti, na hapa ndipo utamu ulipo, wakuu. Maziwa yafike yakiwa maziwa. Barabara ile, kutoka milima ya Masisi, kupitia Kalembe, hadi msituni Walikale iliko Mubi, ilikuwa kibuyu kirefu cha kusukia maziwa. Ukienda ovyo, unafika na siagi. Mama mmoja wa kambini angefungua kila bidoni, yaani kila dumu la maziwa, mbele ya watu wote, na neno lake lingekuwa la mwisho.

Sasa fikirieni ufundi wake! Haraka inakupa siagi. Taratibu inampa mwenzako kamio.

Papa Anselme alipanga magunia ya maharagwe kati ya bidoni zake. Uzito ulikandamiza magurudumu ya nyuma yashike tope, na bidoni zililala kama watoto kitandani. Nakubali, ilikuwa akili.

Babu Simeo alipunguza vyuma vya resori, yaani springi, za nyuma ili gari linesenese. Halafu akajaza kila bidoni hadi mdomoni, akakaza kifuniko. Maziwa yasiyo na nafasi ya kucheza hayasukiki. Ni hesabu ileile ya tangi za magari ya mbio, ambazo huwekewa sifongo ndani ili mafuta yasihamehame kwenye kona. Babu yangu hakuwa na sifongo. Alikuwa na kichwa.

Na hiyo ndiyo ilikuwa ngome yangu humu. Mimi nilisoma sheria chuo kikuu, kwa hiyo fizikia yangu inatosha kuanzisha ubishi, haitoshi kuumaliza. Niliandika mara ngapi sijui: bidoni zilijaa, bidoni iliyojaa haitoi siagi, kwa hiyo siagi ni uzushi wa ukoo wa Anselme.

Mjukuu wa Anselme yuko humu. Mnamjua kwa jina la Resori ya Nyuma. Kila mara alinijibu vilevile: "Dada, babu yako alikuwa anajua kupiga honi tu."

Maneno hayo yalimuuma mama yangu kuliko mimi. Babu alimaliza maisha yake ya kazi kwenye kamio ileile kuukuu, na mama alikua akisikia watoto wenzake wakimwita "mutoto ya Siagi". Hakutaka kamio. Alitaka mtu mmoja tu aseme kwamba baba yake alijua kuendesha.

Wiki iliyopita Resori akanitumia namba ya simu. "Kuna Mama Faida, yuko Mubi. Siku ile alikuwa mutoto pale barieri ya Kalembe, kule gari zilikuwa zinangojea zamu ya kupita. Umuulize, kisha uje utuambie hapa bila kujificha."

Basi funzo nalitoa sasa, maana baada ya simu hiyo sina la kuongeza: mkipima gari, mpimeni na dereva anapokuwa amesimama. Tupieni maoni yenu chini, na matusi yawe ya kiufundi.

Nilipiga nikiwa na mama pembeni, spika ya simu imefunguliwa.

"Simeo? Namukumbuka!" Mama Faida alikuwa na sauti kubwa kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Alifika barieri wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Ule mwingine hata vumbi yake hatukuiona. Wakamuambia angojee, kuko gari zinapanda."

"Akangoja?"

"Angengojea kimya! Akapanda juu ya kamio, akafungua bidoni: 'Mukuje mukunywe! Kamio mpya iko yangu!' Akapatia mama yangu, akapatia mimi, akapatia barieri nzima. Bidoni moja, akafungua na ingine, na ingine. Watu wanapiga makofi, yeye anamimina."

Nikafumba macho. Leo madereva humwagiana shampeni wakishamaliza mbio. Babu yangu alifanya sherehe katikati ya njia, kwa mzigo wenyewe, kisha akaondoka na bidoni nusunusu kwenye barabara ya mawe.

Mama akanipokonya simu. "Mama Faida, uniambie kweli. Papa yangu alikuwa anajua kuendesha?"

"Kuendesha?" Bibi akacheka hadi akakohoa. "Mutoto yangu, kuendesha alijua kupita wote. Kungojea njo hakujua. Na ile maziwa, wee... ilikuwa tamu!"