Usingizi wa Mrina Asali

Kijiji nilikozaliwa hakipo tena, na sitajifanya kukililia kuliko nilivyokililia wakati wake. Kilikuwa magharibi ya Tabora, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke, kando ya njia ya zamani ya misafara. Wapenda mambo ya kale huniuliza kwa hamu tulikuwa tukiona nini pale. Nawajibu kwamba tulikuwa tukiona vumbi. Misafara ilikuwa imekwisha kabla baba yangu hajaota ndevu. Reli ilipita upande wake ikaenda zake Kigoma, na njia yetu ikabaki mfereji mpana wa mchanga usiopeleka mtu popote. Mvua za kwanza zikinyesha, jembe la mama lilifukua shanga nyekundu na za buluu, za watu waliopita pale na mizigo kichwani, au na kamba shingoni. Sisi watoto tulizitunga tukazivaa. Bibi hakupenda. Alisema hatujui zilitoka kwenye shingo ya nani.

Nyumba zetu zilikuwa tembe za udongo, paa zake bapa, zimezungukwa na minyaa. Mbele kulikuwa na mashamba ya mtama na karanga, halafu mbuga nyeusi iliyogeuka tope masika na kupasuka nyufa kiangazi. Nyuma ya mbuga kulikuwa na msitu, na msitu ndio uliokuwa na nguvu. Kila mwaka ulisogea. Shamba la aliyekufa au aliyehama likiachwa, miyombo ilichipua upesi, na pamoja na miyombo walikuja mbung'o. Ng'ombe hatukuwa nao. Walikuwa wamekwisha kufa zamani, na pale palipokuwa zizi lao mama alipanda maboga. Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, na njaa ikibana tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, mpaka taya zikauma. Hayo ndiyo mandhari. Mwenye kutaka mazuri zaidi akatafute kwingine.

Kitu kimoja kizuri tulikuwa nacho, asali. Baba alikuwa mrina, tena mrina hasa. Mvua zikishakatika, yeye na wenzake waliingia msituni wakakaa kambini mwezi na zaidi, wakirudi na asali katika vilindo vya magome walivyovibeba begani. Nyuki wa kwetu hawamvumilii mtu mchana. Mrina hupanda mti gizani, moshi mkononi, akashusha masega kwa kupapasa. Mchana hulala, akijifunika anachopata, na mbung'o wakimuuma anajipiga kofi bila kufumbua macho. Kwa hiyo aliporudi nyumbani usiku wake ulikuwa umegeuka mchana, na mwili ulikuwa umekwisha kabisa.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mrina akirudi, mkewe humpa uji mlangoni, naye huingia ndani akalala. Akishalala, haamshwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote mpaka aamke mwenyewe. Watoto hufukuzwa wakacheze mbali, na kinu huhamishiwa kwa jirani. Mrina akishtuliwa usingizini, wazee walisema, nyuki nao hushtuka huko waliko, wakahama mizinga. Tena waliona fahari. Aliyelala sana ndiye aliyefanya kazi sana, na mke wa mrina aliyeamka mapema alichekwa kisimani.

Aliyelinda usingizi wa baba hakuwa mama. Alikuwa bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye tembe ile aliihesabu kuwa yake na sisi wengine tumepangishwa. Aliketi kwenye kigoda mlangoni na kijiti mkononi, na hata inzi walimwogopa. "Nyamazeni," alisema. "Amelala." Mama, kwa kuwa alikuwa mkwe katika nyumba ile, alinyamaza.

Mwaka ninaousimulia baba alirudi na asali nyingi kuliko wote, na kidonda begani. Mbung'o, alisema, akacheka. Akanywa uji, akalala. Akaamka, akala, akalala tena. Wenzake walikuwa wamekwisha rudi kwenye majembe yao, yeye bado analala mchana, na usiku yuko macho anazunguka uani akijikuna. Bibi alifurahi. Aliwaambia watu kwamba mwanawe bado yuko na nyuki zake, roho haijatoka msituni. Mimi nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuteka maji, na niliona mama hafurahi. Alikuwa amemgusa baba nyuma ya shingo akakuta uvimbe, tezi mbili tatu kama karanga chini ya ngozi.

Malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, tulikuwa tukiyajua. Hakuna nyumba iliyokuwa haijayasikia. Mama alipoliweka neno lile mbele ya bibi, wakiwa wawili jikoni na mimi nikichochea moto, bibi hakukasirika. Alimcheka kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Malale humkamata mtu mzima wa afya akamwangusha," alisema. "Mwanangu hakuangushwa. Amelala mwenyewe, amechoka. Wewe mume wako hukumwona akilala mwaka jana?"

"Nilimwona, mayu," mama akamjibu, kwa neno letu la kumwita mama. "Lakini aliamka."

"Na huyu ataamka."

Mtu wa kwanza kusema wazi alikuwa mtani wetu. Alikuwa Mgogo, aliyekuja na kazi ya reli akaoa kijijini kwetu na kubaki, na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani, aliingia nyumba yoyote na kusema lolote. Alikuja uani, akachungulia ndani, akamkuta baba amelala kinywa wazi.

"Mnyamwezi gani huyu anayelala kuliko mzigo wake?" akapaza sauti. "Mwamsheni bwana, asije akaoza humo, asali tukaikosa!"

Watu walicheka. Bibi alimrushia gunzi. Akarudi tena baadaye, na safari hiyo hakupaza sauti. Alichuchumaa mbele ya kigoda cha bibi akasema, "Mama, sitanii. Mtu huyu anakufa. Mwamsheni tumpeleke Usoke." Walicheka zaidi. Mtani kusema hatanii, walidhani, ndio utani wenyewe umenoga. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mtani alisimama pale akitutazama mmoja mmoja, kisha akaenda zake, na nyuma yake bado watu walikuwa wakimwigiza alivyochuchumaa.

Siku hizo serikali ilikuwa ikimtuma dresa, msaidizi wa mganga mwenye sanduku la dawa na baiskeli, apite vijijini kuwapapasa watu shingo. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, aliwakusanya watu uwanjani kwake, wakapapaswa wote, wazee kwa watoto. Baba hakwenda. Dresa akauliza aliko, akaambiwa, akasukuma baiskeli yake hadi kwetu. Mama alipomwona anakuja aliacha kupepeta akasimama. Ninaikumbuka sura yake. Alikuwa kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa.

Lakini dresa yule alikuwa kijana wa huko huko Unyamwezi, mtoto wa mrina. Alimwona bibi kwenye kigoda, kidole mdomoni, na hapo hapo akajua yuko wapi. Akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu," alisema kwa kunong'ona. "Amerudi lini?"

"Juzijuzi," bibi akanong'ona, ingawa mtama uliokuwa bado mbichi baba aliporudi ulikuwa umekwisha vunwa.

"Kazi ilikuwa kubwa?"

"Kubwa, baba. Vilindo umeviona?"

Alivitazama vilindo, akatikisa kichwa kwa heshima. Mama akasema, "Dresa, ingia umtazame shingo," na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini pale ilisikika kama kelele, hata dresa mwenyewe akamwashiria apunguze. Aliutazama mlango. Nafikiri alitaka kuingia. Halafu akasema, "Akiamka mwambieni aje kambini Usoke, nitampima huko." Aliinua baiskeli yake mikononi akaivusha uani kwa kuibeba, ili mnyororo usilie. Mtu mwenye dawa kwenye sanduku alitembea kwa ncha za vidole ili asimwamshe mgonjwa wake.

Tangu siku ile mama hakusema tena, na baba alikwenda chini haraka. Tonge lilikuwa likimdondoka mkononi njiani kuelekea kinywani. Alilia bila sababu, yeye aliyekuwa halii hata akiumwa na nyuki. Alimpiga mbwa wetu kwa mchi akamvunja mguu, kisha akauliza nani kamvunja mbwa mguu. Bibi bado alikuwa mlangoni. Nadhani kufikia hapo alikuwa anajua. Alikuwa amelinda muda mrefu mno, na kuinuka kwenye kile kigoda kungekuwa ni kusema alichokuwa akikilinda.

Ilikuwa adhuhuri, mvua mpya zimeanza, mama yuko mbugani, nami narudi na mtungi, niliponusa nyama ikiungua. Baba alikuwa amejiburuta hadi jikoni kuota moto, akalala hapo, na mguu wake ukaingia katikati ya mafiga. Ngozi ilikuwa imeungua mpaka nyama ikaonekana. Hakuwa ameuondoa. Hakuwa ameamka. Bibi alikuwa amesimama juu yake, mkono kinywani, na hata pale, Mungu anisamehe kwa kulisema, hakupiga kelele. Aliyepiga kelele alikuwa mama, alipofika mbio na tope miguuni. Alipiga yowe ambalo nadhani lilifika stesheni. Alimtikisa baba, akampiga makofi, akamwita kwa jina ambalo mke wa kwetu hamwiti mumewe. Mtani alikuja na machela tayari. Alikuwa ameitengeneza siku nyingi nyuma, akaificha nyuma ya nyumba yake asichekwe.

Tulimpeleka Usoke, na kutoka pale tukapanda treni hadi Tabora, mama, bibi, mimi na mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Hospitalini walimkunja baba kama mtoto wakamchoma sindano ya uti wa mgongo, wakatoa maji wakayatazama. Daktari Mzungu aliuliza amelala tangu lini. Mama alijibu. Muuguzi alipomtafsiria, daktari aliacha alichokuwa akifanya, akatutazama sote watatu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia bibi wakati ule. Sasa nina umri wake wa siku zile, wajukuu wangu wananiogopa kama tulivyomwogopa yeye, na siwezi kusema chuki ile imekwisha yote.

Sindano za dawa zilimzindua. Tuliambiwa tusitegemee, tukategemea. Asubuhi moja tulimkuta ameegemea mto, macho meupe, uso umekonda lakini ni wake. Aliniuliza kama nimekula. Alimwomba mama amkune mgongo. Bibi alipiga kigelegele kidogo, hafifu, kwa sababu ya wagonjwa wengine. "Nilisema ataamka," alisema, akimtazama mama. "Sikusema?"

Baba akamgeukia. Aliongea polepole, ulimi mzito.

"Nani alikuwa akisema nyamazeni?"

Mama alimtazama bibi.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Siku nyingine nasikia kila kitu. Nasikia Mgogo amekuja, nasikia mtu na baiskeli. Nikitaka kuinuka mwili haunitii. Nikasema, mtu akinishika tu, akinivuta mkono, nitainuka. Watu wanakuja mpaka mlangoni. Halafu nasikia, nyamazeni, amelala."

"Ulikuwa umechoka, baba," bibi akasema.

"Sikuwa nimechoka, mayu. Nilikuwa nawaita."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angelisema kwa hasira. Mama alijifunika uso kwa khanga. Bibi aliketi pale pembeni ya kitanda akiinyoosha shuka iliyokuwa imekwisha nyooka.

Mchana, jua lilipoingia wodini, macho ya baba yalianza kufumba. Muuguzi alisema tumwache apumzike. Mama alimfunika, akanichukulia mtoto mgongoni, tukaanza kuondoka. Bibi hakuinuka. Alimshika baba mkono akauvuta. Akamshika bega. "Baba," alisema, kwanza taratibu, kisha kwa ile sauti yake nzito, "baba, amka. Amka. Nimekuja, amka!" Wagonjwa walimpigia kelele anyamaze. Muuguzi alikuja mbio akamwambia, we mama, mwache, amelala. Bibi alimsukuma. Alimtikisa mwanawe kwa mikono yote miwili, kitanda kikalia, akimwita, akimwita tena, na tulipomshika kumtoa alikuwa bado anamwita, na baba alikuwa bado anapumua.