Kitambaa Kisichokunjwa

Miaka kumi na tisa alikuwa mkataji kwenye kiwanda cha sare, na kwa mkasi hakuwa na mpinzani. Sasa alitaka kufundisha ushonaji chuoni. Wakubwa wa chuo wakamwambia sawa, ila afaulu aljebra kwanza. Aljebra na kola za mashati, wapi na wapi? Akajiandikisha darasa la Jumamosi.

Mwalimu wa hapo wanafunzi walimbandika jina la Kariri, naye, maskini, akadhani ni sifa. "Mkizidisha, vipeo jumlisheni! Mkigawanya, toeni! Msiniulize kwa nini!"

Mkataji hakukariri kitu. Kazini, akikunja kitambaa katikati mara tatu alipata tabaka nane. Akiongeza mikunjo miwili, thelathini na mbili. Mbili kwa kipeo cha tano, hiyo hapo, unaishika kwa mkono. Akikunjua miwili, anarudi kwenye nane yake. Ndiyo hadithi yote, na wala haihitaji kupigiwa kelele.

Mtihani uliporudi alikuta arobaini na tisa. Kufaulu ni hamsini. Swali lililomwangusha liliuliza mbili kwa kipeo cha sifuri ni ngapi. Yeye aliandika moja. Kariri alikuwa amelikata jibu hilo kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Alisimama. "Samahani, mwalimu. Kitambaa ambacho hakijakunjwa hata mara moja kina tabaka ngapi?"

"Moja, bila shaka. Unanichezea?"

"Basi ndiyo niliyoandika."

Kariri alitoa macho. Kisha, lo, akavumbua hisabati mpya kabisa: "Tupige kura! Wanaosema sifuri, mikono juu!"

Darasa zima likanyoosha mikono. Wangefanyaje? Wote waliandika sifuri walivyokaririshwa, na jibu likigeuka kuna watakaoanguka. Hata mwenzake wa meza moja kiwandani, waliyekunja naye vitambaa miaka yote hiyo, alikuwa ameunyoosha wake.

"Dada, najua ni moja," alimnong'oneza bila kumtazama. "Lakini mimi nina hamsini kamili."

Mkataji alikwenda moja kwa moja ofisini kuchukua fomu ya kurudia mtihani. Palipoulizwa sababu ya kurudia, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Nilijibu sahihi."