Hodi kwa waandishi

Mama yangu ni fundi wa kushona, na nyumbani kwetu Gongo la Mboto meza ni moja tu, ile anayowekea cherehani yake ya mkono. Ipo chumbani, chini ya dirisha. Mie nilikuwa naitamani hiyo meza. Sio kutwa nzima, jioni tu, akishamaliza kushona, nikae niandike hadithi zangu. Kila nikiomba jibu lilikuwa hilohilo: "Kuandika hata kitandani unaandika. Kazi ndiyo inataka meza."

Ndiyo maana nilimpeleka Msasani, kwenye ile nyumba ya zamani waliyoishi mtu na mkewe, waandishi wote wawili, ambayo siku hizi imekuwa makumbusho. Nilitaka aone kwamba na hii ni kazi.

Mlangoni akavua ndala, akasimama. "Hodi!"

"Mama, wenyewe walishafariki."

"Kwa hiyo nijiingilie tu kama mbuzi? Hodi, wenyewe!"

Kijana anayetembeza wageni akachungulia. "Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, baba." Hapo ndipo akaingia.

Ndani sakafu nyekundu ilikuwa ya baridi, na pazia jeupe linapumua polepole kama mtu aliyelala. Nikaanza kuelea kimawazo. Nikasikia vikombe jikoni. Nikamwona yule mwandishi wa kike akipita na penseli kaichomeka kwenye nywele. Nikajiona na mie nimezeekea humohumo, nina miwani.

"Nani alikuwa anapika?" Mama akauliza.

Kijana akacheka. "Walipokezana, mama. Mmoja akikaa kuandika, mwenzie yuko jikoni."

"Na huyo mwanaume naye?"

"Na yeye. Tena huo mlango wa chumba cha kuandikia, hakuna aliyeupita bila hodi. Hata mke kwa mume, hata mume kwa mke."

Mama akautazama ule mlango, akautazama tena. "Mtu anapiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe," akasema taratibu, wala hakuwa anasema na sie.

Wakati wa kurudi hakugusia habari ya meza. Alisema tu nitafute mume anayejua kupika, akacheka mpaka watu kituoni wakageuka.

Jioni ile alishona, akamaliza, akaenda kukaanga vitunguu. Mie nikaisogeza cherehani pembeni kidogo, bila ruhusa, nikakaa. Nikaandika mstari, nikaufuta. Dirishani anga lilikuwa na rangi ya embe. Nikaandika mwingine, nikapotea nao.

Mara nikasikia ndala zake zinakuja. Nikajua hapa natimuliwa. Zikasimama nyuma ya pazia la mlango. Kisha sauti yake, ndogo, kama ya mgeni:

"Hodi."

Kumbe alikuwa amesahau mkasi.

"Karibu, mama," nikasema, na karatasi ikaanza kucheza machoni, machozi yakinilenga.

Akauchukua mkasi, akatoka kwa kunyata.