Askari Mwenye Kahawa Tumboni

Waliniambia haitawezekana. Nilipofungasha virago Dar es Salaam na kurudi Bukoba na diploma yangu ya masoko, nikatangaza kwamba nitaishi kwa kufungua maboksi ya midoli mbele ya kamera na kuwaambia watu upi mzuri na upi mbovu, mjomba alitafuna kahawa yake taratibu, akatema ganda, akaniuliza, "Kwa hiyo hiyo diploma ni ya kuchezea?" Shemeji yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Leo nina nyumba Kahororo, na ndani yake chumba kizima cha rafu, mashujaa wa plastiki wamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, wenye mabawa, wenye panga, wenye vichwa vya mbwa. Watu wa nchi nisizowahi kufika husubiri nitamke neno kabla hawajamnunulia mtoto mdoli. Shemeji naye siku hizi hunishikia taa ninaporekodi. Najisifu, na nina haki.

Boksi jipya likifunguka hutoa harufu ya plastiki iliyofungiwa muda mrefu, tamu kidogo, kama ya kandambili mpya zinazoning'inia dukani. Watu wakifikia hapo hungoja niyasifu macho ya mdoli au upanga wake. Mimi huupeleka sikioni kwanza, nikautikisa. Wengi huandika chini ya video zangu kwamba ni madoido. Si madoido. Nilijifunza Kagoma, nyuma ya ghala la kahawa, na nilijifunza kwa taabu.

Nilipelekwa Kagoma kwa bibi yangu likizo moja ndefu, nikiwa mtoto wa mjini, miguu laini, nikiwa sijawahi kukanyaga umande. Mama alikwenda kutafuta kazi Mwanza, akasema atanirudia mambo yakikaa sawa. Siku ya kwanza Bibi alinikalisha kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akafungua kikapu kidogo cha ukili, akanimiminia kiganjani punje za kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni mtu mzima. Zilikuwa chungu. Nilitaka kutema, lakini alikuwa akinitazama, nikatafuna. "Haya, tata," akasema, akiniita baba kwa Kihaya, "umefika." Nilidhani ananipa dawa.

Watoto wa pale waliniita Mtauni, yaani mtu wa mjini. Walikuwa na mchezo mmoja tu uliostahili kuitwa mchezo: jeshi. Kila mtoto alikuwa na askari wake wa kujitengenezea. Tuliita askari hata kama umbo lilikuwa la mtawa au la mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi. Asiye na askari hakuruhusiwa vitani. Alisimama kwenye ua wa michongoma akiangalia mbuzi wa wenzake. Likizo ile niliwajua mbuzi wa Kagoma kwa sura.

Na askari hakuingia jeshini hivi hivi. Alikaguliwa. Mkaguzi alikuwa Adventina, binti wa karani wa chama cha kahawa, msichana mrefu mwenye shingo ya kiburi. Siku zote za msimu alimwona baba yake akipokea kahawa za watu: anachota maganda makavu yenye punje ndani, anayatikisa karibu na sikio, kisha anasema "safi", mzigo unakwenda mizani, au "bado mbichi", na mzee wa watu anarudisha gunia lake nyumbani akiwa na haya. Adventina aliuchukua mkono ule na maneno yale kama yalivyo. Kila Jumamosi jioni alikaa juu ya gunia tupu nyuma ya ghala, akapokea askari mmoja mmoja, akamtikisa sikioni, akahukumu. Aliyekataliwa alilazwa chali kwenye mkeka wa kahawa, aanikwe juani kutwa nzima ya kesho yake, na mwenyewe asimguse. Hakueleza sababu. Karani haelezi.

Niliamua nitaingia jeshini. Sikuwa na kitu isipokuwa kibuyu kidogo kilichopasuka shingo, alichonipa Bibi. Kiliwafaa wenzangu kwa kicheko, lakini mimi nilikwisha kuona kifua cha askari ndani yake. Vingine niliazima. Novatus, mbabe wa mtaa, mwenye meno yaliyopishana, aliniazima spoki mbili za baiskeli ziwe miguu. Speratus aliniazima kipande cha kandambili cha kukata nyayo. Koku, mdogo kuliko sote, aliniazima vifungo viwili vya gauni kwa ajili ya macho, akanisisitiza kwamba kimoja ni cha dada yake.

"Chukua," Novatus aliniambia. "Huyo hatasimama hata ukimwegemeza ukutani. Lakini ujue miguu ni yangu. Nikiitaka nachomoa, awe vitani, awe kanisani."

Ndiyo ilikuwa sheria: mwenye kiungo ni mwenye kiungo.

Jumamosi ya kwanza Adventina alimpeleka askari wangu sikioni, akakunja uso. "Bado mbichi." Kesho yake, tukitoka misani, sote tulipita pale ghalani kumwona amelala chali katikati ya kahawa, macho ya Koku yakitazama jua. Nilikaza miguu kwa kamba ya mgomba, nikamrudisha Jumamosi iliyofuata. Bado mbichi. Hapo Novatus akakasirika kweli, maana miguu yake ilikuwa inaanikwa hadharani.

"Sikiliza, Mtauni. Jumamosi ijayo akikataliwa, nachomoa."

"Na mimi nyayo zangu," akasema Speratus.

Koku alisita, akanitazama kwa huruma. "Na mimi jicho la dada. Hilo lingine unaweza kubaki nalo."

Nikajua imebaki Jumamosi moja, kisha nirudi kwa mbuzi nikiwa na kibuyu chenye jicho moja.

Wiki ile nilimsaidia Bibi kugeuza kahawa uani. Alikuwa akipita juu ya mikeka pekupeku, akiusikia ukavu kwa nyayo, mara kwa mara akiinama kuokota ganda moja na kulitikisa. Alininyooshea moja. "Tikisa." Nikatikisa. Halikusema kitu. Akanipa jingine kutoka upande wa jua kali. Ndani yake punje zikagonga, ko-ko, ko-ko, kama mtu anayebisha mlango mdogo.

"Inayonyamaza ni mbichi," akasema. "Inayolia imekauka. Kahawa haidanganyi sikio."

Nilisimama pale na ganda langu mkononi, na nawaambieni, hata siku niliyopokea diploma sikuona mwanga kama ule. Kumbe askari wangu alikataliwa kwa sababu alikuwa kimya! Jioni ile ile nilimkaza viungo vyote mpaka hakuna kilichocheza, nikamtia punje za kahawa kavu kupitia shingo ya kibuyu, nikaziba kwa kizibo na utomvu wa mgomba. Nikamtikisa. Ko-ko. Nikalala naye.

Jumamosi nilipanda kilima cha kwenda ghalani nikiwa na askari mfukoni, na kila hatua alilia. Wenzangu walikwisha kukaa. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Adventina akamtikisa mara moja tu, na nyuma ya ghala pote pakalipuka kicheko.

"Amevunjika mbavu," akasema Speratus.

"Ana njaa huyo," akasema mwingine. "Sikia tumbo."

Novatus alikwisha kunyoosha mkono kuelekea miguu yake. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa, jambo ambalo kila mtoto wa Kagoma alilijua na mimi sikulijua, kwa kuwa asiye na askari husimama mbali na hasikii kitu. Kwa askari, sheria ilikuwa kinyume. Anayelia ana kiungo kilicholegea. Mzuri ni anayenyamaza.

Ningeweza kukimbia. Miguu yangu ilitaka. Lakini Bibi alikwisha kuniambia, na Bibi hakuwa mwongo, kwa hiyo nilibaki.

"Adventina, waitu," nikasema kwa adabu ya Kihaya, "kahawa ikilia hivi, baba yako anafanyaje?"

"Anaipokea."

"Na inayonyamaza?"

Akamgeuza askari kiganjani.

"Basi pokea."

Kicheko kikakatika. Novatus akasema, "Bojo, jamani, huyu ni askari, si kahawa," lakini mkono wake ulibaki hewani. Adventina alimtikisa tena, safari hii polepole, jicho moja amelifumba kama baba yake. Akavuta mguu mmoja, akavuta mwingine. Haikucheza. Akamsimamisha juu ya gunia. Askari wangu akasimama, kifua cha kibuyu, miguu myembamba, vifungo viwili visivyofanana vikitazama jeshi zima.

"Kinacholia kiko tumboni, viungoni hamna kitu," Adventina akasema. "Amekauka. Safi."

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ushindi wangu wa kwanza wa hoja. Nilimsimulia mpaka mwalimu wa masoko darasani. Mwaka huu nilikutana na Adventina huko Muleba, sasa mama mtu mzima, naye ni mnunuzi wa kahawa, na shingo ni ile ile. Nikamkumbusha jinsi nilivyomshinda. Akacheka, akanipa kahawa ya kutafuna kwanza, kisha akasema, "Mdogo wangu, nilikusikia tangu unaanza kilima. Ulikuja unalia njia nzima. Nani kati yenu alikuwa analia, wewe au huyo askari, sikuweza kujua. Ningekurudishaje nyumbani?"

Niliitafuna ile kahawa. Nilikumbuka kiganja changu cha utotoni kikiwa na punje chungu, na Bibi akisema umefika. Lile neno "pokea" la karani na magunia yake, Wahaya hulitumia kwa wageni pia, nami nililitamka mbele ya watu wote bila kujua ninaomba nini. Siku ile sikushinda hoja. Nilipokewa. Basi hata hilo najivunia, maana si kila mtu anajua kubisha hodi kwa tumbo la kibuyu.

Lakini hata baada ya kupokewa, miguu ilibaki ya Novatus, na mimi sikutaka jeshi la kukopa. Nilifagia kwa fundi baiskeli wa pale senta mpaka akaniruhusu kuchagua spoki zilizopinda, nikazinyoosha kwa jiwe. Bibi alipokwenda Kemondo kununua dagaa nilimfuata, nikaokota ufukweni kandambili moja ya buluu iliyotupwa na ziwa, nzito, isiyo na mwenziwe. Vifungo nilikata kwenye shati langu la shule, nikatembea kifua wazi kama mtu mwenye mali.

Kisha siku moja, kabla likizo haijaisha, niliwaita nyuma ya ghala nikamrudishia kila mtu chake. Koku alivihesabu vifungo, viwili, akakimbia kumwonyesha dada. Speratus alinusa kipande chake, akasema kimepata harufu ya kahawa, akakiweka mfukoni. Novatus alipokea spoki zake, akazitazama, akamtazama askari wangu aliyesimama pembeni kwa miguu yake mwenyewe, nyayo za buluu. Nilisubiri aondoke. Hakuondoka. Aliangalia kama kuna mtu anatuona, akatoa askari wake mwenyewe ndani ya shati, mkubwa, mzuri, kimya.

"Mtauni," akaniambia kwa sauti ya chini, "kahawa imebaki kidogo?"